Foleni Iliyoanzia Dirishani Kwangu

Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walinijua kwa mkono wangu wa kulia. Dirisha la mapokezi lilikuwa dogo, la chini, lenye nondo, na kioo chake kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe na fundi ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Mgonjwa aliinama, akapitisha kadi, akaona mkono ukiipokea, na baada ya muda akaona mkono huohuo ukirudi na faili. Sura yangu ilibaki ndani pamoja nami, na sikuona ubaya wowote.

Kituo chetu cha afya kiko nje kidogo ya mji wa Geita, upande wa barabara ya kwenda machimboni. Mimi ni mtunza kumbukumbu. Maana yake, faili la mgonjwa likipotea, anayeulizwa ni mimi. Kompyuta tulikuwa nayo moja, ya bima na usajili, lakini mafaili ya kliniki ya presha na kisukari, inayofanyika kila Jumatano, yalikuwa bado ya karatasi, na yalijaza chumba kizima nyuma ya kiti changu.

Mafaili hayo niliyapanga kwa akili yangu mwenyewe. Mume na mke niliwaweka pamoja hata kama namba zao zilikuwa mbalimbali. Wachimbaji wa mgodi mmoja niliwafunga utepe mmoja. Wanaotoka upande wa Runzewe, ambao huja kwa nadra kwa sababu ya umbali, walikaa rafu ya chini kabisa. Mabibi wenye majina yanayofanana, na Usukumani majina hufanana sana, niliwatofautisha kwa vijiji, na wa kijiji kimoja niliwatofautisha kwa vituko vyao. Mtu akitaja jina tu, miguu yangu ilikwishajua pa kwenda. Wakija wageni wa ukaguzi, mganga mfawidhi wetu, mwanaume mpole asiye na maneno mengi, alikuwa akinionyesha kwa mkono na kusema, "Huyu ndiye kompyuta yetu." Nami nilikuwa nikiinamisha kichwa kama bibi harusi.

Basi ikatokea muuguzi wetu mmoja, binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akapelekwa mafunzo ya wiki nzima. Alirudi na daftari lililojaa na neno moja la Kijapani ambalo alilisema kila baada ya dakika mbili: kaizen. Ijumaa mchana tukakusanywa kwenye chumba cha chanjo kumsikiliza.

"Maana yake ni kuboresha kidogo kidogo," alisema. "Hatuombi jengo jipya wala watumishi wapya. Tunaangalia kile tunachokifanya kila siku, tunaondoa kinachomchelewesha mgonjwa bure."

Halafu akaandika ubaoni maneno matano yanayoanza na herufi S. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. La kwanza, lililomaanisha kuchambua vitu na kutoa visivyohitajika, halikufika mbali. Mtaani kwetu kumsasambua mtu ni kumvua nguo kwa maneno mbele za watu, na mara mkunga wetu mmoja alipouliza kwa upole, "Tunaanza kumsasambua nani?" chumba kizima kikaangua kicheko. Mganga mfawidhi mwenyewe alijifuta macho. Muuguzi akasubiri tumalize, naye akicheka, kisha akasema jambo lililonifanya niache kucheka.

"Kabla hatujagusa hata karatasi, kila mmoja wetu atatembea na mgonjwa mmoja tangu anaingia getini mpaka anatoka. Unavua sare, unakaa naye, unaandika saa. Ruhusa ya kumsaidia hakuna. Unatazama tu."

Tukaokota vikaratasi kutoka kwenye boksi la glavu. Changu kiliandikwa: Jumatano, kliniki ya presha.

"Haiwezekani," nikasema. "Jumatano nani atakaa dirishani?"

"Msaidizi wako," akajibu mganga mfawidhi. Msaidizi wangu alikuwa binti aliyetoka chuoni miezi michache nyuma. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeambiwa avuke mto uliofurika.

Jumatano hiyo niliondoka nyumbani kwangu Kalangalala kabla jua halijachomoza vizuri, nimevaa kitenge na kilemba, saa mkononi, daftari kwenye mfuko. Nilipofika getini saa moja na robo nilidhani nitakuwa wa kwanza. Benchi lilikuwa limekwishajaa, lakini nusu yake halikuwa na watu. Palikuwa na ndala moja, chupa ya maji tupu, jiwe, kofia, na tawi la mwarobaini. Kila kimoja kilikuwa kimekalia nafasi ya mwenyewe, na wenyewe walikuwa wanaota jua ukutani. Kumbe benchi letu lilikuwa na sheria zake, na mimi niliyefanya kazi hatua chache kutoka hapo sikuwahi kuzijua.

Muuguzi alinipeleka kwa bibi mmoja aliyeketi pembeni kabisa, karibu na nguzo, amejifunga shuka la bluu.

"Shikamoo, bibi. Huyu mama atakaa na wewe leo, anaandika jinsi tunavyokuhudumia. Unakubali?"

"Marahaba." Bibi alinipima kuanzia kilemba mpaka viatu. Macho yake yalikuwa na ukungu kidogo. "Kama anajua kukaa, akae."

Nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama yake asubuhi. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Hapo akanisogezea nafasi. Alikuwa ametoka kijijini kwake kwa bodaboda, akashuka barabarani alfajiri, akatembea kipande kilichobaki ili asifike akiwa na mavumbi. Alinieleza kwa nini anapenda pale kwenye nguzo. Kivuli cha nguzo hukaa hapo mpaka saa nne, halafu huhamia upande wa pili, na mwenye akili huhama nacho. "Hawa wageni," akasema akiwaonyesha kwa kidevu watu waliokaa katikati, "saa tano watakuwa wanakaangwa."

Saa mbili dirisha likafunguliwa. Nikaandika. Mkono uliotoka ulikuwa wa msaidizi wangu, mwembamba, wenye kucha zilizopakwa rangi. Ukapokea kadi ya kwanza, ukapotea. Tukasubiri. Nikasikia droo ikivutwa, nikasikia rafu ya chini ikisogezwa, nikasikia kitu kikianguka, na moyoni nikajua hasa kilichoanguka: fungu la wachimbaji wa utepe wa kijani. Nusu saa ikapita, mafaili mawili tu yametoka.

Bibi akatikisa kichwa. "Leo mama wa dilishani hayupo."

Masikio yangu yakasimama. "Mama gani?"

"Yule mwenye mafaili. Hujawahi kuja hapa wewe?" Akaniinamia kama anayetoa siri. "Mkali! Ukikosea kukunja kadi anakurudishia bila neno. Ukisema 'samahani mwanangu', mkono hausikii. Lakini anajua mafaili yote, hajakosea hata siku moja. Sasa leo hayupo, hapa tutalala."

Sikujua nifurahi au nizame. Mbele yetu alikuwa ameketi baba mmoja mchimbaji, mnene, mwenye shati lililooshwa vizuri lakini rangi ya udongo ikakataa kutoka kwenye kola. Akageuka na kuingia kwenye mazungumzo.

"Bibi, hapo hapana kosa la yule binti. Sisi kule duarani, kwenye shimo la mgodi, mawe yanapandishwa kwa kamba. Chini mnaweza kuwa watu ishirini wenye nguvu, mnapasua kama wendawazimu. Mwenye kamba akiwa mmoja, na ni yeye tu anayejua kuifunga, akienda kunywa chai wote mnakaa juu ya viroba. Hatumlaumu anayeshika kamba mara ya kwanza. Tunamlaumu aliyeshindwa kumfundisha mwenzake fundo."

Watu wa benchi wakaguna kukubali. Mimi nikainamia daftari langu na kuandika saa ambayo hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Ilipofika saa nne na nusu tulikuwa tumehama na kivuli, na kadi ya bibi ilikuwa bado ndani. Nilijua faili lake lilipo. Baada ya kusikia kijiji chake nilikuwa nimemkumbuka: rafu ya tatu, nyuma ya mume wake marehemu, ambaye sikuwa na moyo wa kumwondoa. Msaidizi wangu asingefikiria kutafuta nyuma ya marehemu hata akipewa mwezi mzima. Nikawa nakunjua na kukunja vidole.

Hapo bibi akanishika kiganja cha mkono. Alikitazama, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kovu langu la mafuta ya maandazi, lililo chini kidogo ya saa.

"Mkono huu naujua," akasema.

Watu wawili watatu waligeuka.

"Mkono huu ni wa dilishani!" Sauti yake ilipanda. "Kumbe ni wewe! Uko hapa umekaa na mimi, na faili langu liko humo ndani!"

Benchi zima lilicheka. Yule mchimbaji alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitaka ardhi inimeze, lakini bibi mwenyewe alikuwa anacheka kuliko wote, machozi yanamtoka, huku bado ameushika mkono wangu kana kwamba anaogopa utamkimbia. Nami nikacheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa kweli.

"Samahani, mayu. Kwa ule ukali."

"Ukali si neno. Nenda kaniletee faili."

Nikainuka, nikamfuata muuguzi kwenye chumba cha kupimia. "Niruhusu niingie dakika kumi tu. Watu wanaumia."

Alifikiri. Niliona kwamba naye anaumia. "Mwenye hali mbaya tutampitisha mbele, na tayari nimewapitisha wawili. Lakini wewe ukiingia leo, Jumatano ijayo tutakuwa palepale. Rudi ukakae."

Nikarudi. "Nimekatazwa," nikamwambia bibi.

Akanipigapiga paja. "Nawe leo umewekwa foleni. Kaa."

Faili lilipatikana saa tano, kwa sababu bibi mwenyewe alikumbuka jinsi mafaili yao yalivyokuwa yakitoka pamoja, akaenda dirishani akamwambia msaidizi wangu, "Nitafute kwa mume wangu." Nilidhani mateso yameisha, kumbe ilikuwa foleni ya kwanza tu. Tukapanga ya kupima presha. Tukapanga ya daktari. Daktari akamtazama kwa dakika nne, akamwandikia kipimo cha sukari, tukapanga ya maabara. Kule maabara mpimaji akamuuliza kama amekula.

"Nimekula chapati na uji."

"Bibi, kipimo hiki ungekuja hujala."

"Nilikuja sijala," akasema bibi taratibu. "Nimekula hapa hapa kwenu, nikiwasubiri."

Mpimaji alinitazama, nami nikatazama saa. Ikabidi apimwe hivyohivyo, aandikiwe arudi tena wiki ijayo akiwa na njaa. Tukarudi kwa daktari, foleni nyingine, halafu dirisha la dawa. Tulipoagana getini ilikuwa saa nane na nusu. Alinishukuru kwa kukaa. "Wabeja," akasema, "sasa najua una sura."

Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake kwenye kikao kila mtu alisoma daftari lake. Wengi walisoma haraka na kwa vicheko. Zamu yangu ilipofika nilisoma polepole. Bibi alikuwa amekaa kwetu tangu alfajiri mpaka mchana, na ukijumlisha muda wote ambao mtumishi alimshika, alimpima au alizungumza naye, haukufika nusu saa. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa kuanzia saa mbili mpaka saa tano. Mahali: dirishani.

Niliongeza, bila kuulizwa, kwamba msaidizi wangu bado hajaijua kazi.

"Ataijuaje," akauliza muuguzi, si kwa ubaya, "na kazi yenyewe iko kichwani mwako?"

Nilikumbuka fundo la kamba. Nikafunga daftari. Mganga mfawidhi, ambaye kwa miaka yote aliniita kompyuta, alikohoa na kusema, "Kosa ni langu. Mtu si kompyuta. Nilipaswa kuliona hilo mapema." Nilimpenda sana kwa maneno hayo.

Jumamosi tukasasambua. Tulitoa kila kitu nje ya chumba cha mafaili na kukiweka juani kama watu wanaohama. Tulikuta mashine mbili za presha zisizopumua, kalenda za miaka iliyopita, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, mwavuli wa mtu aliyekwishahamishwa wilaya, na debe la karanga ambalo mkunga alilidai kwa furaha kama mtoto aliyepotea. Mafaili ya marehemu tuliyatenga yakapelekwa stoo. Nilimtoa mume wa bibi kwa mikono miwili, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Kisha tukapanga upya kwa namba, moja baada ya nyingine, mume huku na mke kule, mchimbaji huku na mwenye duara lake kule. Kila fungu la namba likapata utepe wa rangi yake. Ukichukua faili, unaacha kadi ya njano mahali pake, ili mwingine ajue kwamba limetoka na limekwenda chumba gani. Nilipomaliza nilisimama katikati ya chumba nikahisi nimekuwa mgeni nyumbani kwangu. Nilijitajia jina la mgonjwa mmoja, miguu ikanipeleka rafu ya zamani, nikakuta mtu mwingine kabisa.

Lakini jambo lililofanya kazi kuliko yote lilitoka kwa msaidizi wangu. Alilisema akiwa amejishika mikono nyuma, kama anayetegemea kukemewa. "Mama, kadi zao zina tarehe ya kurudi. Sisi tunajua Jumatano anakuja nani. Kwa nini mafaili tusiyatoe Jumanne jioni?"

Miaka yote hiyo tulikuwa tunawajua. Miaka yote hiyo nilikuwa nakimbia Jumatano kutafuta kitu ambacho Jumanne nilikuwa nimekaa nacho chumba kimoja, nasuka kikapu.

Meza ya presha na ya kipimo cha sukari tukaziweka pamoja, karibu na geti, ili mtu apimwe zote mbili kabla hajala, na aingie kwa daktari akiwa na majibu yake. Wagonjwa tukawapa saa tofauti za kufika. Mganga mfawidhi mwenyewe alichukua wembe akakwangua ile rangi nyeupe kwenye kioo cha dirisha langu, na kwa mara ya kwanza niliona geti kutoka kitini kwangu.

Msije mkadhani tulifaulu siku hiyohiyo. Tulimwita fundi atupigie mistari sakafuni, mwekundu wa kwenda kwa daktari, wa bluu wa dirisha la dawa. Alipiga Jumanne mchana, akaondoka. Jumatano asubuhi tukagundua mstari wa bluu ulipita dirisha la dawa bila kusimama, ukakata kona, ukaenda kuishia chooni. Watu wetu ni watiifu. Mzee mmoja tulimkuta amesimama mlangoni pa choo, kofia mkononi, cheti cha dawa mkononi, anasubiri kuitwa. Nyuma yake walikuwa wamejipanga wengine wanne.

"Baba, hapa si mahali pake," muuguzi alimwambia.

"Mimi nimefuata lami yenu," akajibu.

Siku hiyo mafaili yalichanganyika pia, daktari akaitwa kwa mama aliyejifungua vibaya, na tulimaliza saa tisa, tumechoka kuliko zamani. Nilirudi Kalangalala nikijisemea kwamba kaizen na irudi ilikotoka. Ila muuguzi hakukata tamaa. Kila Alhamisi alituweka kwa robo saa tu, akauliza swali lilelile: "Jana mgonjwa alikwama wapi?" Tunarekebisha kitu kimoja, tunakwenda. Wiki hii mstari wa bluu. Wiki ijayo kalamu ya mpimaji, ambayo alikuwa akiinuka kuiazima kila baada ya mgonjwa wa tatu. Vitu vidogo vya kuchekesha kama hivyo.

Baada ya miezi mitatu hivi, Jumatano moja niliinua kichwa dirishani nikaona benchi liko wazi. Ilikuwa saa tano kasorobo. Niliogopa, nikadhani kuna msiba kijijini na watu hawakuja. Nikauliza. "Wamekuja," akasema msaidizi wangu. "Wameshaondoka."

Si wote waliofurahi. Wazee wengine waliona wanafukuzwa. "Mmenipima kweli?" mmoja aliuliza. "Mbona haraka hivi? Au mmebahatisha?" Ilibidi daktari ajifunze kumuuliza kila mtu habari za nyumbani, hata kama foleni haipo, ili mtu aondoke akijua ameonwa. Na mama wa chapati, anayeuza nje ya geti, alikuja dirishani kwangu amefura. "Mmeniua! Watu wangu walikuwa wanakaa mpaka saa nane wananunua mara mbili. Sasa wanapita kama wana kesi mahakamani." Nilimpa pole. Alipoa mwenyewe wiki mbili baadaye, baada ya kugundua kwamba wote wanapimwa bila kula, na wote wanatoka pale mezani na njaa ya alfajiri. Alihamisha jiko lake hatua chache, mkabala na meza ya vipimo, akaanza kupika mapema. Kufikia saa tatu na nusu chapati zilikuwa zimekwisha na yeye yuko njiani kwenda shambani.

Na bibi yangu je? Alikuja siku yake, akapimwa akiwa na njaa, akaonwa, akapewa dawa. Saa tatu na nusu alikuwa amemaliza kila kitu. Nikamwona anarudi benchini, anaketi karibu na nguzo, anafungua chupa yake ya uji.

Nikatoka nje kumfuata. "Mayu, umemaliza. Unaweza kwenda nyumbani."

"Najua nimemaliza."

"Sasa unasubiri nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Namsubiri mwenzangu. Yule wa ng'ambo ya mto, mwenye kuumwa mguu. Sisi tuliolewa mwaka mmoja. Siku hizi hatuonani kokote ila hapa kwenye plesha. Sasa nyie mmenipa saa mbili, yeye mmempa saa nne. Mnatutenganisha kwa nini? Tumewakosea nini?"

Katika madaftari yetu yote tuliandika kusubiri kama hasara tupu, na hakuna aliyeandika kwamba kuna watu walikuwa wanakutana humo. Nilikwenda kumweleza muuguzi nikitegemea ataniambia kanuni ni kanuni. Alicheka, akafungua daftari lake la mafunzo, akalifunga tena bila kusoma.

"Kama anachokuja kukitafuta ni dawa pamoja na rafiki yake, basi hiyo ndiyo huduma," alisema. "Waandike saa ileile."

Nikawaandika wote wawili saa mbili. Siku hizi wanakuja pamoja, wanapimwa pamoja, wanamaliza pamoja, halafu wanakaa benchini kwa hiari yao wenyewe mpaka kivuli cha nguzo kinapohama. Wengine wamesikia, nao wameanza kuja dirishani kuomba saa za mashemeji na mawifi zao. Daftari la miadi limekuwa kama orodha ya waalikwa, na ninalipanga kwa raha.

Nisiseme uongo, zipo Jumatano mbaya. Vifaa vya kupimia sukari huisha kabla ya mwezi. Umeme hukatika. Barabara ikinyeshewa, wa saa mbili na wa saa nne wote hufika saa tano, na benchi hujaa kama zamani. Wenzetu wa kituo kimoja cha upande wa Runzewe walitualika tukawaonyeshe, na niliwaeleza hayo yote bila kuficha, pamoja na habari ya mstari wa chooni. Walicheka kuliko sisi, kisha mtunza kumbukumbu wao, mama wa umri wangu, akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama iliniuma kuyapanga mafaili upya. Nikamwambia iliniuma. Nikamwambia na jinsi ilivyopoa.

Mwaka huu nilichukua likizo. Nasema hivyo kama jambo la kawaida, lakini katika kazi yangu yote sikuwahi kumaliza likizo bila kuitwa. Nilikwenda Shinyanga, nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Ngokolo, tukamenya viazi, tukapanga vyombo vya harusi ya mdogo wangu, tukabishana kuhusu chumvi. Jumatano ilipofika niliiweka simu mezani, uso juu. Saa mbili ikapita. Saa tatu. Mama akaniuliza namsubiri nani. Nikasema hakuna mtu.

Saa nne nikashindwa. Nikapiga mwenyewe.

"Shikamoo, mama," msaidizi wangu alipokea. Nyuma yake nilisikia watu, nikasikia mtu akicheka, nikasikia muhuri ukigongwa.

"Marahaba. Vipi huko? Kuna faili limekushinda?"

"Hapana, mama, tuko sawa. Samahani, nina mgonjwa mbele yangu. Nikimaliza nitakupigia."

Akakata. Nilibaki nimeishika simu sikioni, nimekasirika kidogo, halafu sikukasirika tena. Mama akanisukumia beseni la viazi na kisu.

"Kama hakuna unayemsubiri," akasema, "menya."